Sauti Iliyo Nyuma ya Sauti

 

Nimeulizwa mara tatu wiki hii, na mmoja wa waulizaji ni mtoto wa Utoto Mtakatifu asiyejua kuzungusha maneno, ni kitu gani hicho kikubwa cheusi anachokivaa Paroko kichwani jioni kama rubani. Kwa kuwa swali limekwisha kufika kwenye jumuiya ndogo ndogo, na majibu yameanza kutungwa huko kabla yangu, nimeona tafakari ya wiki hii iwe juu ya jambo hilo. Ni hedifoni, yaani spika za masikioni, za aina ambayo mafundi huiita planari magnetiki. Nilipewa na padre mwenzangu tuliyesoma naye seminari, ambaye sasa anafanya utume Italia. Alipata nyingine, akaniletea hizi alipokuja likizo, zikiwa zimeviringishwa ndani ya kanzu ili zisivunjike njiani. Huu ni mwaka wa pili tangu zianze kukaa mezani kwangu, kati ya kitabu cha Masifu na taa ya sola.

Spika ya kawaida, iwe ya redio au ya simu, ina koili ndogo ya waya iliyogundishwa katikati ya koni ya karatasi au plastiki. Umeme ukipita, koili husukumwa na sumaku, nayo huisukuma koni kutokea pale katikati, kama mtu anayetikisa turubai kwa kulishika mahali pamoja tu. Katika hizi planari hakuna koni. Kuna utando bapa, mwembamba kuliko unywele, uliovutwa ukanyooka, na juu yake zimelazwa nyaya bapa zinazokwenda na kurudi kama mistari ya mizabibu ya Makutupora. Sumaku hupangwa kuuelekea utando huo, mara nyingi pande zote mbili. Umeme ukipita kwenye nyaya, utando karibu wote husogea kwa pamoja, mbele na nyuma, pasipo sehemu moja kuikokota nyingine. Wazo lenyewe si geni. Yamaha ya Japani ilianza kuuza hedifoni za namna hii mwaka 1976. Baadaye zikapoa sokoni, hadi kufikia 2008 na 2009 ambapo makampuni kama Audeze la Marekani na HiFiMAN yalizirudisha kwa nguvu. Gharama ya ufundi huo ni uzito na uroho wa umeme. Zangu zina karibu gramu 400, na simu peke yake huzisukuma kwa shida, hivyo nimelazimika kuziwekea amplifaya ndogo, isiyozidi ukubwa wa kitabu cha Tumwimbie Bwana.

Kuishi nazo hapa Dodoma ni elimu ya pekee. Mwanzo wa Juni hadi mvua za Desemba, upepo wetu mnaujua. Vumbi hili jekundu lina chembe za chuma, na asiyeamini na aburute sumaku mchangani mbele ya nyumba yake aone ndevu zitakazoota. Chembe hizo zikipenya hadi kwenye sumaku za hedifoni, hazitoki kwa kupuliza. Hivyo nikimaliza kusikiliza, nazifungia katika kopo la plastiki lenye mfuniko lililokuwa la hostia (zisizogeuzwa, msinishtaki kwa Askofu). Mwezi wa Novemba, joto linapokuwa kama la tanuri, hazivaliki kabla ya saa mbili usiku, maana masikio hutoka jasho kama mkulima.

Jambo lililonifanya nizikubali kwa moyo ni kwamba migongo yake iko wazi. Zipo hedifoni zinazoziba masikio kabisa, na vijana wengi huzitaka hizo ili wasisikie dunia. Kwa padre hazifai. Mtu akija saa nne usiku kuniita kumpaka mgonjwa mafuta, hodi yake lazima inifikie, na kwa hizi inanifikia, sambamba na mbwa, jenereta la jirani na mlango wa jikoni usiotiwa mafuta. Lakini kilicho wazi kwa kuingia ni wazi pia kwa kutoka. Paroko Msaidizi, ambaye chumba chake kinapakana na changu, amekwisha kuzijua nyimbo zote ninazosikiliza bila kuvaa chochote, na siku hizi hunisahihisha nikizitaja vibaya mezani.

Niseme neno juu ya masikio kabla sijaendelea, kwa kuwa naona vijana wetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize kwa sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kukatwa vikali. Mwaka 2021 shirika hilo lilitoa ripoti nzima juu ya usikivu, likionya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wanajiweka hatarini. Mimi sina wasiwasi sana na hedifoni zangu, maana nazisikiliza polepole. Nina wasiwasi na spika za kwaya zetu. Kuna Jumapili ambapo nikitoka altareni nasikia nyuki kichwani hadi saa tisa, na mchana huohuo nina watu wa kuwaungamisha, nao wananong'ona. Mwalimu wa kwaya, nakuomba tena kwa upendo: ile namba saba iwe namba nne.

Sasa kuhusu bei. Sikuzinunua, na sitaficha kwamba nisingezinunua. Bei yake ingeleta magunia kadhaa ya mahindi, na katika nchi hii ambako mvua ni wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena zikija zimechelewa, Paroko hawezi kuzungumza juu ya gunia kana kwamba ni neno jepesi. Niliwaza kuziuza. Halmashauri ya walei ndiyo iliyonizuia, baada ya mimi kuwasikilizisha kitu kimoja, nacho ni ilimba.

Mnaijua ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mti. Si wote wanaojua kwamba katika sanduku lile hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe uliotolewa kwenye kiota cha mayai ya buibui. Chuma kikipigwa, utando ule hutetemeka na kutoa mvumo, kitu kama nyuki akiwa mbali. Mvumo huo si kasoro. Mafundi huutafuta kwa makusudi, na ilimba isiyovuma huonekana kama chakula kisicho na chumvi. Kwenye redio ndogo mvumo husikika kama spika iliyopasuka, na wengi huudhani ni uchakavu. Katika hedifoni hizi nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba mvumo una mwanzo na mwisho wake, kwamba unabaki nyuma ya sauti ya chuma kwa kitambo kidogo mno kisha unakata. Utando wa kiwandani, uliotandazwa na mashine, ulikuwa unanifikishia utando wa buibui wa Ugogo. Mzee mmoja wa halmashauri alizivua, akazigeuza, akachungulia ndani ya matundu, akauliza kama na humo wameweka buibui. Sikuweza kumwambia hapana kwa moyo wote.

Rekodi niliyowasikilizisha ilikuwa ya Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu, aliyefariki Bagamoyo mwishoni mwa 2003 baada ya kuitembeza ilimba duniani. Albamu yake ya Chibite ilitoka 1996. Kazi hiyo haikufa naye, kwani wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, walitoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024. Kabla yao wote, mwaka 1950, Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi muziki wa makabila yetu mbalimbali, Wagogo wakiwemo. Jambo moja ambalo wasomi waliousikiliza muziki huu wamelieleza ni kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata zile sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya waya mmoja unapotetemeka. Moja ya sauti hizo iko chini kidogo ya ile iliyomo kwenye kinanda cha umeme. Si kwamba bibi zetu wanaimba vibaya. Kinanda ndicho kisicho na sauti yao. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana nimeona kwaya ikiwarekebisha wazee waimbe kama kinanda, ilhali Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza mapokeo ya muziki ya kila taifa yapewe heshima yake, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Haya yote, hata hivyo, ni utangulizi tu wa shauri lililo mbele yetu.

Katika stoo ya nyumba ya mapadre kulikuwa na katoni la kaseti 23, zilizorekodiwa na mmisionari mmoja kwa miaka mingi kwenye vigango. Nyingine zimeungana kwa joto, nyingine zimeliwa na mchwa upande wa karatasi. Tangu Kwaresima nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Hedifoni nzuri haifanyi muujiza juu ya kaseti mbaya, na tena inazidisha: unausikia mlio wa utepe wenyewe, mota ya redio, jogoo, mtoto anayenyamazishwa. Lakini vitu hivyo havikai vyote mahali pamoja. Kila kimoja kina pahali pake, kulia, kushoto, karibu, mbali, na sikio likizoea linaweza kupita katikati yake.

Kaseti moja imeandikwa 1988, pamoja na jina la kigango na jina la marehemu katekista, na neno "mtunzi". Wimbo uliomo mnaujua nyote. Ni ule wa Kigogo wa kupeleka vipaji, ambao hata parokia jirani wameuomba, na katika karatasi zetu za nyimbo umeandikwa kwa jina lake. Kabla ya wimbo kuanza kuna takriban dakika moja ambayo kwenye redio husikika kama mkwaruzo mtupu. Katika hedifoni nikasikia watu wawili. Katekista anaanza mstari, anakosea neno. Mwanamke aliye nyuma yake, mbali na kinasa sauti, anamkatisha kwa Kigogo, anamwambia siyo hivyo, kisha anaimba mstari wote polepole. Katekista anaurudia. Mwanamke anamrekebisha tena mahali pengine, katika ile sauti iliyo chini ya kinanda. Anacheka. Kisha ngoma inaingia na wimbo tunaoujua unaanza.

Nikamwita bibi mmoja wa WAWATA wa kigango kile, mwenye miaka zaidi ya sabini. Zilimwelemea, ikabidi mjukuu wake azishike kwa nyuma. Ilipofika sauti ile alinyanyua mkono kunizuia nisiseme, ingawa sikuwa nimesema. Akasikiliza hadi mwisho. Kwa kuwa hedifoni zinavuja, mjukuu aliyekuwa nyuma yake naye alisikia, akaanza kuuimba wimbo kwa chini bila kujijua.

"Ni wifi yangu," bibi akasema. "Huyo ni wifi yangu, Baba. Alifariki mwaka 1994. Wimbo aliutunga yeye, tukichota maji korongoni. Mwalimu alikuja kujifunza kwetu."

Nikamwuliza kwa nini hawakusema miaka yote hii.

"Nani alituuliza? Mwalimu alijua kuandika, sisi tulijua kuimba. Karatasi ikaandikwa na anayejua kuandika."

Hakusema kwa hasira, na mimi sitaki yeyote aisome kwa hasira. Marehemu katekista alitembea kwa miguu kwenda vigango sita, na bila yeye wimbo huu usingevuka korongo lile. Yawezekana ni yeye aliyeugawa kwa sauti nne na kuuingiza katika Misa. Yawezekana pia neno "mtunzi" liliandikwa na mmisionari aliyemwona mtu mmoja tu amesimama mbele. Watoto wake ni waamini wetu, na jina la baba yao katika karatasi ile ni sehemu ya urithi waliobaki nao. Upande wa pili yuko mama ambaye hana picha, hana kaburi lenye maandishi, ana dakika moja ya kaseti nyuma ya mkwaruzo.

Karatasi mpya za nyimbo zinatakiwa kwenda kiwandani kabla ya Majilio. Nimesimamisha ukurasa ule. Nimekwisha kuongea na mtoto wa kwanza wa katekista, naye amekaa kimya muda mrefu, kisha akaomba asikie kwanza kwa masikio yake mwenyewe. Tutakutana Jumamosi saa kumi nyumbani kwangu, yeye na bibi. Nilitaka bibi aanze kueleza. Amekataa. Amesema avae kwanza mtoto wa Mwalimu, asikie hadi pale wifi yake anapocheka, halafu ndipo watazungumza.