Pete Nyeupe

Pete hii niliachiwa na mama. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, imelika upande mmoja kwa miaka ya kusugua sufuria na kuparua samaki. Leo ukiiona utadhani ni ya bati.

Nimezaliwa Kendu Bay, nyumba chache kutoka ufukweni. Kwetu mtoto hujua kuanika omena, dagaa wa ziwani, kabla hajajua kusoma. Mwaka 2011 mvua iliniozeshea magunia mawili kwa mpigo, na mtaji wote ukaenda na harufu. Shangazi yangu, aliyeolewa Nyatike, akanipigia simu: "Njoo huku, mwanangu. Mchanga hauozi."

Nikaenda. Huko Macalder, Kaunti ya Migori, kuna mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966. Mabaki yake yamelala pale, na watu huyasaga upya kutafuta kilichowaponyoka wenyewe. Kandokando kuna mashimo ya wachimbaji wadogo. Wanaume hushuka. Sisi wanawake tulipewa karai.

Mawe yakishasagwa na kuoshwa, unabaki na mchanga mweusi, mzito. Unautia maji, kisha unamiminia zebaki kutoka kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi. Unakanda kwa mikono mitupu kama unayekanda unga wa chapati. Zebaki haina habari na mchanga. Inachotafuta ni dhahabu tu, ikiipata inaing'ang'ania. Unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Unakiweka juu ya makaa, zebaki inaruka, dhahabu inabaki, unampelekea mnunuzi akupimie kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu.

Siku ya kwanza tu pete ya mama ikabadilika rangi kidoleni. Nikapiga yowe. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. "Ungeivua! Hiyo kitu inapenda dhahabu kuliko mume wangu."

Miaka sita nilichoma vidonge kwenye jiko lile lile la chai, ndani ya nyumba, mlango nimeufunga kwa kuogopa wezi. Mdomo ukaanza kuwa na ladha ya sarafu. Usingizi ukanikimbia. Siku moja nikammwagia mgeni chai magotini kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka wenyewe. Hospitalini nilitibiwa malaria, mara mbili. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na mimi sikusema.

Halafu akaja kijana mmoja na chungu cha chuma, kidogo, chenye kifuniko cha kubana na bomba lililopinda hadi kwenye kikombe cha maji. Akaniomba kidonge. Nikampa shingo upande. Akakichoma humo, tukasubiri, kisha akatuinamishia kikombe. Chini ya maji kulikuwa na matone meupe. Akakitikisa, yakakimbiliana, yakawa tone moja kama punje ya hindi.

"Mama, hii ndiyo umekuwa ukivuta."

Karibu nusu ya uzito wa kidonge ni zebaki. Mimi nilikuwa nachoma vitatu kwa wiki. Nilipiga hesabu pale pale nikapita mia tisa, nikaacha kuhesabu.

Alitueleza mengi siku ile. Kwamba ujanja huu ni wa zamani sana, na katika miaka ya 1550 Wahispania waliukuza huko Mexico kutoa fedha kwenye mawe. Zebaki yao ilitoka Almadén, Hispania, ambako wafungwa walipelekwa kuichimba kama adhabu. (Mimi sikuhukumiwa na mtu, nilipanda matatu na nauli nikalipa.) Lakini kilichonishika ni Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Kabla ya watu walianza paka, wakiyumba na kuzunguka kama wanacheza ngoma. Majini, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Samaki mdogo anaila, mkubwa anamla mdogo, mwanadamu anamla mkubwa. Waliougua walikuwa wavuvi na watoto wao. Mji wa ghuba, watu wa samaki. Mto Kuja unapita Nyatike ukaingia Ziwa Victoria, na ziwa hilo ndilo linalogonga kizingiti chetu Kendu Bay.

Ningependa kusema niliacha siku hiyo. Sikuacha. Nilihamishia jiko nje, nikajiona nimeongoka. Shida ni kwamba zebaki nilikuwa nakopeshwa na mnunuzi, na mkopo huo una kamba: dhahabu yako huuzi kwingine, bei anapanga yeye. Kutoka kwenye zebaki ilikuwa kwanza kutoka kwenye deni, na deni lilinila mwaka mzima.

Nimerudi kwenye omena. Naianika juu ya nyavu zilizoinuliwa sasa, mvua ikitisha nakunja. Mkono umetulia, si wote. Kikombe cha mgeni huwa nakijaza nusu, na wanaonijua wamezoea.

Mwaka jana nilipeleka pete kwa sonara Kisumu. Akaigeuza-geuza, akasema rangi ya dhahabu inaweza kurudi, dakika chache tu, na akanyoosha mkono kuchukua kifaa chake cha moto. Chumba kilikuwa hakina dirisha. Nyuma yake mtoto wake alikuwa amelala kwenye mkeka.

Nikamwambia anirudishie pete yangu hivyo hivyo.