Maikrofoni Nyingi Mkutanoni

Katika maduka ya Kariakoo twaona watu wakinunua maikrofoni za mikutano, wakidhani kila mjumbe akiwekewa yake mezani, wote watasikika. Sivyo. Maikrofoni iliyo wazi husikia pia feni, magari ya njiani, na sauti itokayo katika spika; sauti hiyo ikizunguka na kurudi, ukumbi hupiga mluzi. Kila maikrofoni zilizo wazi zikiongezeka maradufu, fundi hulazimika kupunguza sauti desibeli 3 hivi. Zikitoka 1 hata 8, desibeli 9 zimepotea, na neno la mama mwenye sauti ndogo limepotea nazo.

Yatupasa kufanya mambo matatu. Spika zikae mbele ya meza, zikizipa maikrofoni mgongo. Nafasi baina ya maikrofoni mbili iwe mara 3 ya nafasi iliyopo kati ya kinywa na maikrofoni. Tena ifunguliwe ya anenaye tu. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Dan Dugan alibuni miksa ifanyayo kazi hiyo yenyewe. Tusio nayo twaweza kuifanya kwa mkono, fundi akimtazama mwenyekiti.

Basi tusihesabu maikrofoni zilizopo mezani. Tumwulize aliyeketi nyuma kabisa kama amesikia.