Ndege wa Vilele vya Mirihi

Katika pwani ya Kenya yumo ndege mdogo asiyeonekana pengine po pote duniani. Huyu ni mnana wa Clarke, na makao yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, na misitu ya Dakatcha iliyo kaskazini ya mto Sabaki. Wataalamu walimtangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1913.

Mtu atakaye kumwona na aamke mapema, achukue darubini, aende penye mchanga mweupe ambapo mirihi humea. Asipekue vichaka, atege sikio, kwa maana ndege hawa husafiri kundi zima kwa kelele, wakitafuta wadudu juu kabisa katika majani. Dume ni mweusi kichwani, mgongoni na kifuani, na tumbo lake ni la manjano. Yuko mnana mwingine wa msituni afananaye naye sana. Basi na atazame bawa: la mnana wa Clarke lina michirizi ya manjano, la mwenziwe ni jeusi tupu. Jike hana weusi wa kichwa.

Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua atagapo. Ndipo mwaka 2013 wenyeji wa Dakatcha wanaolinda msitu wao walipoviona viota vyake katika kinamasi kijaacho wakati wa mvua. Kwa hiyo mrihi ukikatwa kwa makaa, na kinamasi kikilimwa, ndege huyu hana pa kuhamia.