Boksi la Sabuni Lilivyotuondolea Aibu

Jamani, kuitwa tapeli kunauma! Dada yangu anatengeneza hereni za shanga hapa Sinza, mimi ndiye mpiga picha wake. Mwezi uliopita mteja akazirudisha huku kanuna: "Nimeagiza za rangi ya maziwa, mmeniletea nyeupe pee! Matapeli wakubwa!"

Dada akamrudishia hela. Kosa lilikuwa langu. Nilizipiga usiku, chini ya balbu yenye mwanga wa njano.

Basi nikatafuta boksi tupu la sabuni. Nikakata madirisha pande mbili na juu, nikayaziba kwa karatasi nyeupe nyepesi. Ndani nikaweka manila nyeupe, nikaipinda taratibu kutoka nyuma hadi chini, bila kuikunja, ili kona isionekane. Kwa nje nikaweka taa mbili za LED, zote nyeupe, moja kila upande. Zile balbu za zamani za waya achana nazo, zinachemka, utaunguza nyumba ya watu! Karatasi inatawanya mwanga, vile vivuli vikali kwisha.

Nikampelekea yule mteja picha mpya. Kimya siku tatu. Jana kaagiza jozi mbili. Nyeupe!