Gandhi kwa watumikaji wa Lancashire

Ndugu msomaji, wewe wa kambi ya watumikaji unajua namna nyumba inakuwa wakati kazi inasimama. Basi sikia. Pamba ya India ilikuwa inaenda Uingereza, inarudi nguo ya kununua. Wahindi wakakataa. Mwaka 1921 walichoma nguo za kigeni kule Bombay, wakajisokotea uzi wao wenyewe. Huko Lancashire viwanda vingi vya nguo vikasimama (shida ya uchumi wa dunia nayo iliongeza), watu wakabaki bila kazi. Septemba 1931 Gandhi akaenda kulala kwao, Darwen. Mimi ningeogopa mawe! Lakini walimupokea vizuri. Aliwapa pole, akasema wazi njaa ya vijiji vya India inapita yao. Hakuahidi kununua tena. Wanawake wa kiwanda wakapiga naye picha, wanacheka.