Tulikata Honi, Tukakata na Neno

Mwezi uliopita wengi wenu mlitazama ile video ya salamu tuliyoileta kutoka Jinja na Mbale. Leo inabidi tuseme ukweli juu yake, maana kuna familia tuliiumiza.

Tulisafiri na simu moja na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Jinja tuliwakuta ndugu zenu karibu na daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa mwaka 2018, na malori yakanguruma kila tulipoanza kurekodi. Tukapanda gari la kupitia Tirinyi mpaka Mbale. Pale chini ya mlima Wanale, mama mmoja ambaye watoto wake wako hapa kambini alisimama nje ya duka anapofanya kazi, akasema, "Sitakuja Desemba, wanangu, bado natafuta nauli." Ile anafungua mdomo tu, bodaboda ikapiga honi.

Tuliporudi tukajifanya mafundi. Tukaikata honi yote, ikabaki safi kabisa: "Takuja Desemba, wanangu, bado natafuta nauli." Nanyi mnajua tunavyoongea, "takuja" ni "nitakuja" tu. Bibi wa wale watoto akakopa hela akanunua jogoo. Watoto wakaanza kuhesabu siku kwa mkaa ukutani. Wiki mbili baadaye binti akapiga simu, kumbe haji. Bibi alitufuata mpaka darasani. "Walimu, mmemkata mwanangu ulimi." Jamani, hatukuwa na jibu.

Kosa letu ni kwamba tulikata kwa macho. Kwenye kompyuta sauti huonekana kama vilima. Herufi "a" ni kilima kirefu, lakini "s" ni kama majani mafupi, unaweza kudhani ni upepo. Ile "si" ilijificha ndani ya honi, tukaifyeka. Halafu programu yetu ya video hukata sauti picha kwa picha, picha 25 kwa sekunde moja, yaani kila hatua ni sekunde 0.04. Kwa macho ni kidogo sana, lakini yaweza kumeza nusu ya herufi.

Bahati nzuri rekodi ya kwanza hatukuifuta. Tuliifungua kwenye Audacity, programu ya bure inayokata sauti kwa vipimo vidogo zaidi. Rekodi yetu ina vipimo 48,000 kwa sekunde, basi ndani ya picha moja tu mna vipimo 1,920. Tukavuta karibu mpaka vilima vikawa uzi mmoja unaopanda na kushuka. Ukikata uzi ukiwa juu, utasikia "tak!" kama kijiti kimevunjika. Tukakata pale unapovuka mstari wa katikati, na tukaondoa honi ya kabla ya "si" tu. Iliyolala juu ya neno lenyewe haitoki, tuliipunguza nguvu kidogo. Kisha tukavaa hedifoni, tukafumba macho, tukasikiliza neno kwa neno.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote tulimpigia yule mama, tukamsikilizisha kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema."

Deni la bibi tumelilipa sisi kwa kuchangishana. Jogoo bado yupo, na anatuamsha sote.

Jumamosi saa kumi jioni tutaionyesha tena, nje ya darasa la nne. Honi mtaisikia kidogo, tumeiacha.