Ukiharibikiwa na Bedford Mpwapwa

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Dodoma kwa barabara kuu iendayo Morogoro, ukifika Mbande huna budi kukunja kulia. Utaipita Kongwa, kisha, milima ya Kiboriani ikikutazama kutoka juu, utaingia Mpwapwa, mji wa kale ulioegemea vilima. Wanaofuata reli ya kati kituo chao ni Gulwe, kusini ya mji.

Mpwapwa haikuanza jana. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa, kwa sababu mbele yake lilikuwapo pori la Marenga Mkali, lisilo na maji ya kunywa, ndipo Ugogo ianze. Basi hapa wapagazi walijaza vibuyu, wakanunua chakula na kufunga upya mizigo iliyolegea. Asiyejitengeneza Mpwapwa alijuta porini.

Na magari ya mwanzo yaliyokusudiwa kufika hapa hayakuwa na injini. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alileta ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, apate kujua kama magari ya kukokotwa yangeweza kupita. Ng'ombe walifika, watu wakafurahi. Mwaka uliofuata Alexander Mackay, mhandisi wa Church Missionary Society, alisimamia ukataji wa barabara ya maili 230 hivi, toka Saadani hadi hapa. Barabara ikapatikana, magari yakapatikana, lakini ng'ombe wakafa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Kipuri cha gari lile kilikuwa ng'ombe mwenyewe, na ng'ombe hachongwi kwa tupa.

Miaka 70 baadaye jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine, na kwa fedha nyingi zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake wa kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, ikaanzia Kongwa, ambayo siku hizo ilikuwa ingali ndani ya Wilaya ya Mpwapwa. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na matrekta mapya yalikuwa haba. Wakanunua yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Ama udongo wa Kongwa, wakati wa kiangazi huganda kama saruji, na mchanga wake hula chuma kama msasa. Haukupita muda, matrekta mengi yakawa yamesimama yakingoja vipuri kutoka mbali. Mpango ulikomeshwa mwaka 1951, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, mvua ikiwamo. Lakini trekta lililokosa beringi moja halina tofauti na jiwe, awe mwenyewe ni mkulima wa Kibakwe au ni hazina ya dola kubwa.

Sasa tuje kwako, msomaji. Tuseme umerithi lori la Bedford, lile lenye pua mbele. Ndilo lililowasomesha nyinyi watoto wote. Limekwenda Lumuma kuchukua vitunguu, limekwama gia, na magunia yako juani. Ukitaka kumwandikia aliyelitengeneza, barua yako haina pa kwenda. Kampuni ya Vauxhall, mali ya General Motors ya Marekani, ilianza kuuza malori ya Bedford mwaka 1931 huko Luton, Uingereza, na baadaye kazi ya malori ikahamia Dunstable. Lakini mwaka 1986 General Motors ilitangaza kuachana na malori hayo makubwa. Mwaka 1987 kiwanda kiliuzwa, kikawa cha kampuni iliyoitwa AWD, nayo ikafilisika mwaka 1992. Hata General Motors Kenya, iliyokuwa ikiunganisha Bedford mjini Nairobi, ilibaki na Isuzu, na tangu mwaka 2017 yaitwa Isuzu East Africa.

Jirani zako watakuambia, "Mzee, uza chuma chakavu." Usifanye haraka.

Wamiliki wengi hulitazama jina lililo juu ya boneti, wakadhani jina hilo ndilo mzazi wa kila kilichomo ndani. La hasha. Lori ni mkusanyiko wa kazi za viwanda vingi, na kila kipuri kina ukoo wake. Mwenye jina amefunga mlango. Ndugu zake wengi wangali kazini. Pampu ya dizeli aghalabu ni ya CAV, vifaa vya umeme vya Lucas, breki za Lockheed au Girling, na beringi ni za watengenezaji beringi, ambao waliwauzia kina Bedford kama walivyowauzia wenye mashine za kusaga. Kwa hiyo fundi stadi halizi dukani, "Nipe beringi ya Bedford." Huipangusa grisi kwa kitambaa, akasoma namba iliyochongwa ubavuni. Ikiwa ni 6205, tundu lake ni milimita 25, upana wa nje milimita 52, unene milimita 15, iwe imetoka Sweden, Japani au China. Zile za inchi nazo zina namba zake. Sili ya oili ni vivyo hivyo: vipimo vitatu, wa ndani, wa nje na unene, na mara nyingi vimeandikwa juu ya sili yenyewe.

Ndiyo maana kipuri kibovu hakitupwi. Kifunge katika gazeti, kipe karatasi yenye vipimo, ukikabidhi kwa kondakta wa basi liendalo Dodoma au Dar es Salaam, kwa ndugu atakayekipeleka Gerezani au Kariakoo. Kisipopatikana huko, iko Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee wa Kenya bado huiita Grogan. Tena iko Pakistan. Huko Bedford zenye pua, zilizopambwa kwa rangi na nakshi kama bibi arusi, ziliendelea kubeba mizigo miaka mingi baada ya Dunstable kufungwa, na viwanda vidogo vikaendelea kuzitengenezea vipuri. Mwenye duka ajuaye kazi yake huagiza kutoka Karachi pasipo kuwaza habari za Luton.

Vijana wa siku hizi hawakumbuki miaka ya mwanzo ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni ziliadimika nchini hata kampuni iliyo hai ilikuwa sawa na iliyokufa: kipuri kipo Uingereza, pauni ya kukinunulia haipo. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao walizo nazo nje, fundi wa wilayani alitegemea tupa, moto wa mkaa na akili. Bushi zilikerezwa kwa shaba ya kuokota, gaskiti zilikatwa kwa makaratasi magumu, na springi ya lori moja ikafupishwa kuingia jingine. Ukimpata mzee wa wakati ule, kaa naye chini ya mti wake. Lakini mwangalie anavyofunga nati. Magari ya Kiingereza ya zamani yana nati za inchi. Spana ya milimita 13 huishika nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, kwa hiyo mtu hudhani ni kitu kimoja. Spana itakuwia radhi, bali uzi wa nati hautakuwia. Nati ya milimita ikilazimishwa juu ya bolti ya inchi huharibu vyote viwili, na bolti ile ndiyo uliyoitafuta wiki tatu.

Kuna vitu visivyofaa kubuniwa kabisa, nami hapa sina mzaha: breki na usukani. Ukishuka kutoka Wotta na magunia, na watu juu ya magunia, huwezi kutegemea mpira uliokatwa katika tairi kuukuu ukatiwa ndani ya masta silinda. Mpira wa breki upatikane wa kipimo chake, au lori lilale.

Yabaki yale yasiyo na ndugu popote: bloku ya injini, kasha la gia, gia zenyewe, mlango, kioo cha mbele. Hivyo hupatikana kwa maiti tu. Na hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanza, kwa sababu maiti hiyo pengine iko uani kwako, Bedford ya pili ambayo marehemu baba aliinunua kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Kuku wanatagia katika kiti cha dereva, mama watoto anautaka uwanja wake, na mnunuzi wa chuma chakavu amesimama langoni na mizani. Yeye anapima kilo. Gia boksi nzima na mlango uliotoboka kwake ni bei moja.

Mama ana haki ya uwanja. Mpe mnunuzi bodi, chasisi iliyopinda na matairi yaliyooza. Kabla hajapakia, mwite fundi, mshushe gia boksi, difu, ekseli za nyuma, bloku na kioo kama kizima. Vimwagie oili iliyotumika, vifunge katika magunia, viweke ghalani juu ya mbao pasipofika mchwa, na kwa chokaa uandike juu ya kila gunia kilichomo.